Bomba la Kushoto, Bomba la Kulia

Machi 2

Mvua imeanza leo, na ugomvi pia, kwa hiyo tarehe moja inatosha kwa vyote viwili.

Karakana yetu ya pikipiki ina watu watatu. Mjomba ndiye mwenye nayo. Binamu yangu, mwanawe, anauza vipuri pale mbele, na mtaa mzima unamwita Kioo kwa sababu hajawahi kupita mbele ya kitu king'aacho bila kutoa kitana mfukoni. Mimi niko nyuma, chini ya dirisha, kwenye meza ya kung'arishia vyuma. Wananiita Msasa. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya kazi yangu na wapo wanaosema ni kwa ajili ya ulimi wangu. Sijauliza, nisije nikathibitisha.

Leo Kioo ameleta vipuri vya kromu: vioo vya pembeni, vifuniko vya taa, mabomba ya moshi. Amevipanga juu ya kaunta kama vyombo vya bibi harusi. Mwenye duka la jumla yuko tayari kumpa vya kujaza ukuta mzima, ila ukuta uliobaki ni mmoja tu, ule wenye meza yangu.

"Dada, sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini siku hizi nani anasugua bomba? Mteja anataka kitu kimng'arie machoni, alipe, aende zake. Wewe utakaa hapa mbele na mimi, kwenye kiti chenye mto."

"Nina meza."

"Meza haina mto."

Mjomba alikuwa anakunywa chai. Ana tabia ya kuanza methali asiimalize. Anakuachia uhangaike nayo mwenyewe. "Kizuri chajiuza," akasema, akapiga funda. Kioo akadhani ameshinda. Na mimi nikadhani nimeshinda.

Alipomaliza chai akatoa hukumu ya kuahirisha hukumu. Pikipiki yake ina mabomba mawili ya moshi. Kushoto lifungwe la kromu. Kulia nitengeneze mimi la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, nilisugue kwa mkono wangu mpaka ling'ae. Yeye ataiendesha mvua yote kama kawaida yake. Mvua ikikatika tutatazama. Likishinda la kromu, meza inatoka. Likishinda la stenlesi, vipuri vinarudi vilikotoka. Masharti: hakuna kupaka mafuta, hakuna kusugua tena, ruhusa ni kufuta matope kwa kitambaa basi.

"Na atakayenitajia methali ya ving'aavyo na dhahabu," akasema, "atafagia karakana hii wiki nzima."

Nimekubali. Meza ile niliikuta na miguu mitatu, nikaiwekea wa nne. Siiachi.

Machi 4

Mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Cheche, amenikatia bomba na kuniungia. Nilipomweleza tunachoshindania akatikisa kichwa kwa busara: "Si vyote ving'aavyo..."

Nikamkabidhi ufagio. Alicheka, akidhani ni utani. Mjomba hakucheka.

Kazi ya kung'arisha ni kazi ya kufuta nyayo zako mwenyewe. Unaanza na msasa mkali, unaacha mistari. Unaifuta kwa msasa wa wastani unaokatisha njia ya ule wa kwanza, unaacha mistari midogo zaidi. Kisha laini, kisha gurudumu la kitambaa na dawa, mpaka chuma kisahau kwamba kuna mtu alikigusa. Pale nyuma kwenye mshono, karibu na kibano, msasa haufiki vizuri, nikapamalizia kwa brashi yangu ya waya, ile ile iliyokwangua kutu ya kila pikipiki ya mtaa huu na haijawahi kulalamika.

Nimeyaweka mabomba mawili sambamba. Kromu ina weupe wa baridi. Unajiona ndani yake hadi kope. Stenlesi ina ung'avu wa kijivu, kama asubuhi kabla jua halijapanda. Nikisema kweli, na hapa naweza kuisema kwa kuwa Kioo hasomi kitu kisicho na picha, kromu inang'aa zaidi.

Machi 5

Yamefungwa. Kabla ya saa sita pikipiki ilikuwa imeshapata jina: Mitala.

"Mzee, leo unalala kwa nani?" jirani akauliza.

"Katikati," akasema Mjomba, "penye kiti."

Machi 8

Mvua. Kushoto linang'aa. Kulia linang'aa. Kioo amechana nywele kushoto.

Machi 15

Mvua. Kama juu.

Machi 19

Karibu na injini, bomba langu limebadilika kidogo kwa joto, limekuwa na rangi ya majani makavu. Kioo amefurahi kama aliyezawadiwa.

"Chuma chako kina homa ya manjano, Dada."

Nikamwambia stenlesi yote hufanya hivyo penye moto na haina madhara. Akanitazama kwa huruma, jinsi watu wanavyomtazama mgonjwa anayesema yuko salama.

Mkazamjomba amenitetea. Ni fundi cherehani, na Mjomba ndiye humpeleka dukani kwake kila asubuhi na kumrudisha jioni, safari fupi inayoisha hata injini haijapata moto. "Mwache mwenzio," akamwambia mwanawe. "Wewe ulizaliwa na manjano, na tuliamua kukulea." Kisha akapanda nyuma, akakaa ubavu, miguu yote upande mmoja, kama akaavyo siku zote, akavuta gauni, wakaenda kwenye mvua.

Machi 27

Imenyesha na ndani. Nimehamisha ndoo, si meza.

Aprili 6

Bomba langu limeshika kutu.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili niizoee.

Kioo ndiye aliyeiona alipokuwa anafuta matope. Hakupiga kelele, aliwaita watu kwa sauti ya kawaida, na hilo liliniuma zaidi. "Jamani, njooni muone kisichoshika kutu kikishika kutu."

Wakaja. Nilikuja wa mwisho, nikifuta mikono isiyohitaji kufutwa. Pale nyuma, kando ya mshono, palikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo kama ufuta.

"Surua," akasema Kioo. "Kwanza manjano, sasa surua. Tumpeleke kliniki."

"Mimi nimeunga tu," akasema Cheche kabla hajatazamwa na mtu.

Mjomba akapitisha kidole juu ya vidoa, akakitazama kidole, akakipangusa kwenye suruali. "Haba na haba," akasema, akaenda zake. Sijui alikuwa anaisema kutu au ananisema mimi.

Jioni Kioo alikuja na futikamba akapima ukuta wangu huku anapiga mluzi. "Kiti nimeshakitafutia mto, Dada. Unapenda rangi gani?"

"Ya kutu. Haionyeshi uchafu."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilibaki nimekaa mezani mpaka mwanga ukaniishia dirishani, nikifikiri. Chuma hakina kinyongo na mtu. Ama kuna aliyekifanyia jambo, ama mimi sikijui ninachojidai kukijua. Nimeamua kuanza na lile la kwanza, kwa kuwa lina raha zaidi.

Nani mwenye faida bomba langu likioza? Nani analishika kila siku kwa kisingizio cha kufuta matope? Maji ya chumvi hayana gharama. Maji ya betri tunayo kwenye rafu. Sitaki kumshuku mtoto wa Mjomba, lakini nimeshamshuku, na kurudi nyuma ni mbali.

Aprili 8

Leo nimefika kabla ya kufungua nikajificha nyuma ya rundo la matairi. Kwa faida ya atakayejaribu: matairi ya zamani hufuga maji, na maji hufuga mbu.

Kioo akaja. Akachukua kitambaa, akachuchumaa. Akaanza na bomba la kulia, langu. Akalifuta juu, akalifuta chini mahali pasipoonekana na mtu, akapuliza tope lililokwama kwenye kibano. Kisha akalifuta la kushoto, si zaidi, si pungufu. Akatoa kitana, akachana nywele kushoto, akasema "Haya," akasimama.

Hakuna chumvi. Hakuna maji ya betri. Nilikuwa nimeshamhukumu, nilibakiza ushahidi tu, na ushahidi umekataa kuja.

Nikatoka nyuma ya matairi nikijifanya nimekuja kutafuta pampu.

"Pampu iko mkononi mwako," akasema Kioo.

Aprili 9

Basi limebaki lile la pili: sijui ninachojidai kukijua. Nimelala chini ya pikipiki kwenye saruji yenye unyevu, nikavitazama vidoa kwa utaratibu badala ya kuvichukia.

Havikutawanyika ovyo. Vimepangana mistari mifupi, imejipinda kidogo kuelekea nje, kama alama za ufagio kwenye mchanga. Na mkono wa huo ufagio naufahamu, maana kiwiko changu cha kulia hakinyooki vizuri na kila ninachokwangua hujipinda kuelekea nje.

Nikaenda kuchukua brashi yangu ya waya. Nikaigonga juu ya karatasi nyeupe. Ilimwaga vumbi la kahawia, kutu ya mtaa mzima, ya pikipiki za watu ambao wengine wameshahama.

Nina kipande cha stenlesi kilichobaki. Nimekwangua nusu kwa brashi yangu na nusu kwa brashi mpya niliyoichukua kaunta kwa Kioo. Nimekiweka juu ya kibanda cha nyuma. Maji, kwa bahati, si ya kutafuta.

Aprili 12

Nusu ya brashi yangu ina surua. Nusu nyingine inanitazama safi kabisa, karibu niseme kwa dharau.

Kwa hiyo bomba halina kosa. Nililisugua kwa brashi iliyojaa chembe za chuma cha kawaida, chembe zikakwama kwenye uso wake, mvua ikaja, zikaoza zenyewe pale pale. Bomba halikuugua, lilibebeshwa ugonjwa na mimi niliyelitengeneza. Fundi mwingine angehitaji adui. Mimi ninajitosheleza.

Mchana Mjomba alikuwa amesinzia kwenye kiti chake na Kioo amekwenda duka la jumla. Pikipiki ilikuwa imesimama hapo. Brashi mpya ilikuwa mkononi. Kazi ya saa moja, na nani angejua? Kutu ingetoweka, ningesema mvua imeiosha. Nilichuchumaa. Niliiweka brashi juu ya kidoa cha kwanza.

Kisha nikamkumbuka yule mpuuzi akipuliza tope kwenye kibano changu alfajiri, akidhani haonwi na mtu.

Nikairudisha brashi kaunta. Inaudhi sana mpinzani akiwa mtu mzuri, inakupunguzia silaha.

Wakati wa chai nikaweka kile kipande mezani. "Kutu ile ni ya mkono wangu," nikawaambia, na nikaeleza.

Kioo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Yaani umejipiga ngwara mwenyewe?"

"Nimejipiga."

"Unaweza kuitoa?" Mjomba akauliza.

"Naweza. Saa moja."

"Na sharti?"

"Hakuna kusugua. Sharti nalijua. Nimesema leo ili siku ya hukumu asitokee wa kusema nimetunga. Vidoa hivyo havitaongezeka wala kwenda ndani. Vitabaki juu juu kama vilivyo. Dau la meza yangu liko palepale."

"Mvumilivu," akasema Mjomba.

"Hula mbivu," akamalizia Kioo, "zikibaki."

Aprili 13

Cheche amekuja kunipa pole. Amekuta ufagio umeegemea mlangoni, akaupita mbali.

Aprili 21

Mvua. Kushoto linang'aa. Kulia lina vidoa vile vile, havijazaa. Kioo amechana nywele kushoto, lakini leo alichungulia kulia kwanza.

Aprili 29

Mvua. Vile vile. Mteja ameuliza bomba la kushoto linapatikana wapi. Hakuuliza la kulia. Nimemwelekeza kwa Kioo kwa adabu zote, na kwa kuyakaza meno jino limeniuma hadi jioni.

Mei 3

Mkazamjomba amekuja karakana kwa miguu, kwenye mvua, bila Mjomba, ana mfuko kwapani. Tuliposikia viatu vyake tu, kila mtu akaanza kazi.

Akatoa gauni kwenye mfuko, la rangi ya maziwa, alilojishonea mwenyewe. Akalitandaza juu ya meza yangu. Pindo lilikuwa limejaa madoa ya kahawia, kama lililotemewa chai.

"Nani kati yenu atalifua?"

Sote tuligeuka kulitazama bomba langu. Hata mimi.

"Surua ya Dada hiyo, Mama," akasema Kioo. "Nilijua itaambukiza."

"Surua ya Dada iko kulia," akasema mamake. "Mimi tangu niolewe miguu yangu inaning'inia kushoto."

Sote tukazunguka upande wa kushoto.

Chini ya bomba la kushoto, kwa nyuma, kuna kitobo kidogo cha kutolea maji. Kioo akalala chali chini ya pikipiki. Kutoka pale tuliposimama hakuna aliyeweza kuona anachokiona. Angeweza kupafuta kwa mkono wa shati na kusema ni tope. Nilisubiri afanye hivyo. Naandika hili kwa kuwa nilisubiri kweli.

Akatoka amenyoosha kidole. Kilikuwa cha kahawia mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

"Ni langu," akasema. "Linaoza kwa ndani."

Akatuonyesha. Kandokando ya kitobo kromu ilikuwa imevimba kama rangi ya ukuta wenye maji. Alipoigusa kwa ukucha, kipande kilibanduka chembamba kama gamba la kitunguu, na chini yake kulikuwa na chuma cha kawaida kinachokufa taratibu. Zile safari fupi za dukani: maji yanajikusanya ndani ya bomba, injini haipati moto wa kuyakausha, na kromu ni koti la nje tu. Ndani bomba liko uchi. Kila asubuhi Mjomba akiwasha, lilikuwa linatema kutu kwenye pindo la mkewe.

Baadaye, tukiwa wawili, Kioo akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakisia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri mbivu."

Hakucheka sana. Nami baada ya kulisema halikunichekesha kama nilivyotarajia. Yeye alitoa kidole. Mimi nilikuwa nimekificha changu.

Gauni amelifua yeye.

Mei 11

Mvua kidogo, kama inayotafuta kiatu chake iondoke.

Mei 16

Imekatika. Jua limetoka asubuhi na watu nao wametoka, maana habari za Mitala zimevuka mitaa.

Mjomba akaleta pikipiki mlangoni. Kushoto bado linawaka kama kioo, ukilitazama kwa juu. Kulia lina vidoa, ukilitazama popote. Akasema ni haki kila mtu sasa alitengeneze la kwake, mbele ya watu, tuone linavyotengenezeka.

Kioo hakuwa na kazi kubwa. Akafungua boliti, akatupa bomba la zamani kwenye rundo la nyuma, akatoa jipya kwenye boksi, akafunga. Muda wa kikombe kimoja cha chai. Lilimeta mpaka watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa hata sijamaliza mshono.

"Mteja ameshafika kwake, Dada," akasema. "Ameshaoga."

Ilikuwa kweli. Niliendelea. Brashi mpya, msasa laini, kitambaa, dawa, kitambaa. Watu wengine wakachoka wakaondoka. Kiwiko kiliniuma, nikakiacha kiendelee kuuma. Vidoa vilitoka kimoja kimoja mpaka chuma kikabaki chuma, unene ule ule, bila koti.

Mjomba akapitisha kidole kushoto. Akapitisha kidole kulia. "Kizuri chajiuza," akaanza, na tukasubiri wote amalizie. Badala yake akamtazama mkewe.

Mkazamjomba alikuwa amesimama pembeni amekunja mikono. Akamuuliza mwanawe, "Hili jipya, mvua zijazo, litanitemea tena?"

Kioo ni muuzaji. Amezaliwa akisema hapana, Mama, hili ni imara. Nililiona neno likimjia mdomoni, nikamwona akilimeza.

"Litakutemea, Mama."

Kisha akamgeukia baba yake. "Si vyote ving'aavyo ni dhahabu," akasema, yote, mpaka mwisho.

Hakuna aliyecheka. Akatembea mwenyewe hadi mlangoni akachukua ufagio.

"Msasa," akasema Mjomba, "nitengenezee na la kushoto."

Neno meza halikutajwa. Lakini bomba halisuguliwi kwenye kiti chenye mto.

Mei 17

Kwa masharti ya Machi, vipuri vyote vya Kioo vilitakiwa kurudi. Nimemwambia Mjomba vioo vya pembeni na vifuniko vya taa havina tumbo la kuweka maji; vibaki. Vitundikwe ukutani, juu ya meza yangu.

"Vitajaa vumbi lako," akalalamika Kioo, ufagio mkononi.

"Utavifuta. Nimekuona ukifuta. Unafuta vizuri."

Akauegemeza ufagio ukutani. "Kwa hiyo siku ile ya pampu..."

"Pampu ilikuwa mkononi mwangu."

Mei 23

La kushoto nimelimaliza jana. Brashi mpya ina mpini wa rangi nyekundu na msumari wake peke yake. Kioo ameiandikia kibao: YA STENLESI TU, UKIITUMIA KWINGINE UTAFAGIA. Jirani alimwuliza Mjomba kama sasa ameoa mapacha.

Asubuhi nimemkuta Kioo amechuchumaa kushoto, kitana mkononi. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, akisaka uso wake kwenye stenlesi.

"Dada, humu naonekana nimechoka."

"Umefagia wiki nzima."

Akafikiri. Akachana nywele.